Maswali yenu kuhusu homoni: maziwa, pete, mkorogo na tezi moja ndogo

Tangu nilipogusia homoni kwa aya mbili tu, maswali hayajakatika. Leo nimechagua tisa. Kwa juu juu hayafanani hata kidogo, huyu anauliza maziwa, yule pete, mwingine mkojo, ila yote yanapitia tezi ya pituitari, ndiyo maana nimeyaweka pamoja. Majina nimeyaacha na barua nimezifupisha.

Shikamoo daktari. Niko kidato cha tatu. Kitabu kinasema pituitari ndiyo tezi kuu ya mwili, mwalimu anasema bosi ni haipothalamasi. Nani yuko sahihi, na mtihani utauliza nini? (Mbeya)

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi. Pituitari ni nyapara tu. Inazisimamia tezi nyingine, lakini amri inatoka kwa haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake.

Tezi yenyewe ni kama punje ya njegere, uzito wake nusu gramu hivi. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma kabisa ya pua, ikining'inia kwenye ubongo kwa kikonyo chembamba. Ina sehemu mbili. Ya mbele inatengeneza homoni zake yenyewe: ya ukuaji (GH), prolaktini ya maziwa, TSH ya kuisukuma tezi ya shingo, ACTH ya kuzisukuma tezi zilizo juu ya figo, na FSH na LH za uzazi. Ya nyuma haitengenezi kitu, inatunza na kutoa homoni mbili zilizotengenezwa na haipothalamasi, yaani ADH na oksitosini. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama.

Kitu cha pili cha kushika ni kwamba mawasiliano yanakwenda pande zote mbili. Homoni ya tezi ya chini ikishatosha kwenye damu, pituitari na haipothalamasi zinahisi na kupunguza amri. Ikipungua, zinaongeza. Ukilishika hilo, majibu yote yaliyobaki leo utayaelewa. Kemikali ambazo haipothalamasi inatumia kuiamuru pituitari zilitafutwa kwa taabu sana: Andrew Schally akisaga haipothalamasi za nguruwe na Roger Guillemin za kondoo, maelfu kwa maelfu, kupata chembe ndogo mno. Wakapewa Nobeli mwaka 1977. Mtihani utauliza nini, hilo muulize mwalimu.

Majibu yangu ya maabara yanasema TSH 22, na pembeni wameandika kawaida mwisho ni 4 na kitu. Nesi anasema tezi ya shingo imelala. Sasa iko juu au imelala? (Arusha)

Vyote viwili. TSH haitoki shingoni, inatoka pituitari, na kazi yake ni kuisukuma tezi ya shingo itoe thairoksini. Thairoksini ikipungua, pituitari inazidi kusukuma na TSH inapanda. Kwa hiyo TSH ya juu namna hiyo kwa kawaida maana yake tezi ya shingo imechoka. Ikiwa chini sana, mara nyingi tezi inafanya kazi kupita kiasi.

Kidonge cha thairoksini meza asubuhi na maji matupu kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi viache mbali kwa saa nne. Rudia kipimo baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo namba itakudanganya, maana TSH hushuka polepole.

Nina miaka 29, sijawahi kuzaa. Miezi saba sijaona siku zangu na nikikamua matiti yanatoa maziwa. Nimepima mimba kila mara, hakuna. Mama mkwe ameanza kuniangalia vibaya. (Mombasa)

Pole dada. Mama mkwe aambiwe kwamba maziwa bila mimba ni tatizo linalojulikana hospitalini, na halina uhusiano wowote na mwenendo wako.

Anayehusika ni prolaktini. Homoni nyingi za pituitari husubiri kusukumwa ndipo zitoke, lakini prolaktini iko kinyume: muda wote inazuiwa, na kinachoizuia ni dopamini kutoka haipothalamasi. Chochote kinachoondoa kizuizi hicho kinaiachia ipande. Prolaktini ikipanda, FSH na LH hushuka, hedhi inasimama na mimba haishiki. Ndiyo maana mama anayenyonyesha sana huchelewa kuona siku zake.

Kwa hiyo kabla ya kichwa naanza na mkoba wako. Una dawa gani humo? Dawa kadhaa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na risperidoni, hupandisha prolaktini. Vilevile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na methildopa ya presha. Kama unatumia mojawapo, usiiache mwenyewe, mwone aliyekuandikia. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: acha kukamua ili kuangalia kama bado yapo. Kukamua kwenyewe kunapandisha prolaktini.

Baada ya hapo upimwe damu: prolaktini, TSH (tezi ya shingo ikilala nayo huleta maziwa) na figo. Prolaktini ikiwa juu bila sababu nyingine, utapigwa picha ya MRI kutafuta uvimbe mdogo kwenye pituitari. Usishtuke ukisikia "uvimbe kichwani". Karibu wote wa aina hii si saratani, na wengi husinyaa kwa vidonge vya kabagolini vinavyomezwa mara moja au mbili kwa wiki, bila upasuaji. Ukianza dawa, mimba inaweza kushika hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza, hivyo pangeni mapema na mumeo.

Cha haraka ni macho. Mishipa ya macho inapishana juu kidogo tu ya pituitari, na uvimbe ukikua huikandamiza. Mtu haoni pembeni, anagonga fremu ya mlango kwa bega, anashtukia bodaboda ikiwa imeshamfikia. Ukiona dalili kama hiyo, au kichwa kikikuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, usisubiri tarehe ya kliniki.

Nilijifungua miaka minne iliyopita, nikatokwa damu nyingi hadi nikazimia, nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone. Tangu siku hiyo sijaona hedhi, nywele za kwapani zimeisha, baridi kidogo natetemeka, nikisimama ghafla naona giza. Dawa za kuongeza damu nimezinywa hadi nimechoka. Ndugu wanasema ni mke mwenza kaniroga. (Shinyanga)

Mama, kama gazeti lingenipa nafasi ya kujibu barua moja tu, ningejibu hii.

Wakati wa ujauzito pituitari hunenepa, kwa sababu chembe zinazotengeneza prolaktini huongezeka kujiandaa kwa kunyonyesha. Tezi inakua, lakini damu inayoilisha haiongezeki kwa kiwango hicho. Mama akivuja damu nyingi na presha ikaanguka, tezi hii iliyovimba hukosa damu na sehemu yake kubwa hufa. Harold Sheehan, daktari wa Uingereza, aliieleza hali hii mwaka 1937 na inaitwa kwa jina lake. Nchi zenye huduma nzuri za uzazi haiko tena kwa wingi. Kwetu akina mama bado wanavuja damu, kwa hiyo bado ipo, na wengi wanaishi nayo miaka bila kutajiwa jina lake.

Ipitie barua yako mwenyewe. Maziwa kutotoka ni prolaktini. Hedhi kukata ni FSH na LH. Baridi na uzito wa mwili, TSH. Giza ukisimama ni ACTH, na kwa mwanamke ACTH ikikosekana hata nywele za kwapani hupukutika. Sijakupima, siwezi kuapa. Lakini mlolongo huu, kwa mama aliyevuja damu kama wewe, mganga yeyote wa hospitali anapaswa kuufikiria.

Nenda hospitali ya rufaa. Usianze na "nachoka", maana utapewa tena dawa za kuongeza damu. Anza na uzazi: nilivuja damu hadi kuzimia, maziwa hayakutoka, hedhi haijarudi. Kaa hapo hadi waandike. Waulize kuhusu kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo inayodumisha presha, pamoja na TSH na thairoksini yenyewe. Nasema thairoksini yenyewe kwa makusudi: pituitari ikiwa imekufa, TSH inaweza kusomeka ya kawaida kabisa huku thairoksini iko chini, na anayeangalia TSH peke yake atakurudisha nyumbani.

Dawa zipo na ni za kumeza. Mpangilio wake ndio wenye hatari. Inaanza dawa ya kuziba pengo la kotisoli, kama haidrokotisoni au prednisoloni, ndipo thairoksini ifuate. Ukianzishwa thairoksini kwanza, mwili unaongeza mwendo na kuimaliza kotisoli kidogo iliyobaki, na mtu anaweza kuanguka vibaya. Ukishaanza dawa ya kotisoli, usiiruke hata siku moja. Ukipata homa kali, utaelekezwa kuongeza dozi maradufu. Ukitapika na vidonge havikai, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo upate sindano. Andika kwenye kadi na uibebe.

Mke mwenza mwacheni.

Saluni waliniuzia mkorogo pamoja na vidonge vya kunenepesha mashavu na makalio, vidogo vidogo, vimefungwa kwenye kikaratasi bila jina. Mwaka mzima nilipendeza. Baadaye uso ukawa mviringo kabisa, ndevu zikaota, michirizi ya zambarau tumboni. Nikaogopa, nikaacha vyote siku moja. Wiki hiyohiyo nikatapika, viungo vikauma, presha ikashuka, nikalazwa. Mwili unazoea mkorogo kama sigara? (Mbagala, Dar es Salaam)

Hapana mdogo wangu, huo si uraibu. Pituitari yako ilinyamazishwa, halafu ukaondoa kilichoinyamazisha kabla haijaamka.

Vidonge visivyo na jina siwezi kuvitaja kwa uhakika, lakini dalili zako ni za steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, na kinachouzwa sana kwa kazi hiyo ni deksamethasoni. Ni dawa halali, inaokoa watu wenye pumu kali na ubongo uliovimba. Kwa uzito uleule ina nguvu takriban mara 25 ya haidrokotisoni, ambayo ndiyo kotisoli, homoni ambayo mwili unajitengenezea. Mikorogo mingi nayo huwa na klobetasoli, steroidi ya kupaka yenye nguvu kupita karibu zote. Ukijipaka mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu. Wewe ulikuwa unapata kwa njia mbili.

Katika hali ya kawaida pituitari hutoa ACTH kwa wingi alfajiri, tezi zilizo juu ya figo zinatoa kotisoli, ndipo unaamka una nguvu. Kotisoli hudumisha presha na sukari, na siku ya homa au ajali hupanda ikubebe. Sasa ukimeza steroidi, pituitari inaona imejaa kupita kiasi na inaacha kutoa ACTH. Tezi za juu ya figo zikikosa ACTH kwa miezi, zinasinyaa. Huku nje watu wanakusifu umeng'aa na kujazia. Mashavu yale ni mafuta yaliyohamishiwa usoni, mgongoni na tumboni, wakati misuli ya mapaja inaliwa na mifupa inapungua. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza mwaka 1932 sura hiyohiyo kwa wagonjwa ambao pituitari zao zilitoa ACTH nyingi kwa sababu ya uvimbe. Leo chanzo chake kikubwa ni dawa.

Ulipoacha ghafla, hukuwa na kotisoli ya nje wala ya ndani. Kutapika, viungo kuuma, presha kuanguka, yote ni hayo. Watu hufa hivyo, na nyumbani inasemekana alikuwa na malaria.

Kwa hiyo kwa wote wanaosoma hapa na mkorogo uko kwenye droo: ukiwa umetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu au nne, usiache kwa hasira siku moja. Nenda kwa daktari na makopo yako, ubebe na hicho kikaratasi. Atakupa dozi inayojulikana na kuipunguza hatua kwa hatua, na pituitari inaweza kuchukua miezi, wengine mwaka au zaidi, kurudi kazini. Wewe uliyelazwa, muda huo wote kila daktari atakayekuhudumia, hata wa meno, ajue hilo kabla hajakuchoma sindano ya usingizi.

Muuzaji wa saluni sina neno naye ambalo gazeti litalichapa.

Mwanangu ana miaka tisa, wa darasa la tatu wanampita. Nasikia kuna sindano ya homoni ya kurefusha. Inapatikana wapi? (Nakuru)

Kwanza pima, baba. Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe mtoto huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Piga alama ukutani leo, urudi baada ya miezi sita na mwingine sita. Akiongezeka vizuri na ninyi wazazi ni wafupi, basi amewarithi. Akiongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, apelekwe, na waanze na vya kawaida: lishe na udumavu wa utotoni, selimundu, moyo, figo, tezi ya shingo. Upungufu wa homoni ya ukuaji upo, ila si wa kwanza kwenye foleni. Usikubali kupimiwa GH mara moja mchana ukaambiwa imeisha: hutoka kwa vipindi, zaidi usingizini, hivyo mchana inaweza isionekane hata kwa mtoto mzima kabisa. Ikithibitika, ni sindano ya kila siku kwa miaka, tena ni ghali.

Nilianguka na pikipiki, nikapasuka kichwa, nikapona. Tangu hapo nalala na dumu la maji la lita tano pembeni, asubuhi limekwisha. Nakojoa usiku kucha. Sukari nimepima hadi vidole vinauma, iko sawa. (Mwanza)

Na sisimizi hawaji chooni, sivyo? Mkojo wako utakuwa mweupe kama maji ya bomba. Hiki si kisukari unachokijua. Homoni inayoitwa ADH ndiyo inayoziambia figo zirudishe maji mwilini. Pigo la kichwa linaweza kukata kikonyo cha pituitari, ADH ikakosekana, na mtu akakojoa zaidi ya lita tatu kwa siku, wengine hata kumi na kuendelea. Dawa inaitwa desmopresini.

Kuna kipimo cha kunyimwa maji kwa saa kadhaa huku wakikupima uzito na mkojo. Kifanyike wodini tu. Asitokee shemeji wa kukufungia dumu kabatini "ili uache tabia", maana unaweza kukauka hadi kuchanganyikiwa. Na waombe wapime na homoni nyingine za pituitari, kwa sababu pigo lililokata moja huenda limegusa zaidi.

(Wanaoniuliza kwa nini bia inawapeleka chooni kila dakika: pombe inazuia ADH. Ndiyo hivyo tu.)

Assalaam alaykum. Mzaliwa wa Unguja, nina miaka 51, nafanya kazi Maskati. Pete yangu ya akiki niliyoivaa tangu harusi hata kwa sabuni haitoki. Viatu nimetoka namba 42 hadi 45. Mke analalamika nakoroma. Ni unene? (Maskati)

Waalaykumu salaam, kaka. Unene unaweza kubana pete. Haurefushi mguu namba tatu. Chukua picha ya pasipoti ya zamani uiweke karibu na ya sasa, uangalie pua, midomo, taya na nafasi kati ya meno. Kama sura imekuwa pana, huenda pituitari inatoa homoni ya ukuaji kupita kiasi kwa sababu ya uvimbe. Kwa mtoto mifupa bado ina nafasi ya kurefuka, ndivyo Robert Wadlow wa Marekani alivyofika sentimita 272 kabla ya kufariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Kwa mtu mzima urefu umefungwa, hivyo vinakua vidole, miguu, taya na ulimi, ndiyo sababu ya kukoroma. Moyo nao unakua, na sukari na presha vinapanda.

Omba kipimo cha damu cha IGF-1, kinachoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi. Kikiwa juu, MRI. Uvimbe mara nyingi hutolewa kwa kupitia puani, bila kupasua fuvu. Pete ikatwe na sonara mapema, kabla kidole hakijakosa damu. Akiki itavalishwa upya.

Nafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, nachoma testosteroni, mwili umekaa vizuri. Mke wangu hashiki mimba na amepimwa yuko sawa. Kuna uhusiano? (Kampala)

Upo, na wa moja kwa moja. Pituitari ikiona testosteroni ya sindano inazima LH na FSH, na bila hizo korodani hazitengenezi mbegu, zinasinyaa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanya majaribio ya sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yake yalitolewa mwaka 1990. Umekuwa ukijichoma uzazi wa mpango, ndugu yangu.

Nenda ukapime mbegu, FSH na LH, na umwambie daktari unachoma nini, kiasi gani na tangu lini. Kwa wengi mbegu hurudi ndani ya miezi sita hadi mwaka baada ya kuacha, kwa wengine zaidi. Katikati hapo utajisikia mnyonge na hamu itapungua. Watu wengi hurudi kwenye sindano wakati huo, kwa hiyo mke naye ajue mapema kinachoendelea.